Kula Kampala kwanza, Riat baadaye

Siku ya nne baada ya nusu marathoni yangu ya tatu, kucha mbili za mguu wa kulia zilikuwa nyeusi na nilikuwa nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta. Kocha wetu aliniona akacheka, kisha akanyamaza. "Mama, wiki mbili sitaki kukuona uwanjani," akasema. Yeye ni kijana wa miaka ishirini na tisa. Mimi nina arobaini na mitatu, na cherehani tatu pale soko la Kibuye, Kisumu, lakini akitumia sauti ile sibishani naye. Jioni nikampigia mdogo wangu simu: fungasha, tunaenda Uganda.

Tangu hapo nimefanya hivyo kila baada ya mbio kubwa. Natembea, nakula, narudi Kisumu, naanza upya mpaka nipande tena kilima cha Riat. Wenzangu wa kikundi wameniuliza mpaka nimechoka kurudia, basi acha niyaandike yote mara moja.

Kabla hujakata tiketi

Andika siku ya kurudi mazoezini kwanza, kabla hata ya kuulizia nauli. Si "nikirudi nitaanza." Andika siku na saa na mahali: Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Kenyatta Sports Ground. Halafu mwambie mtu mmoja asiyekuonea haya. Mimi nilimwambia jirani yangu anayeuza mitumba, na Jumatatu hiyo alinigongea mlango akiwa amevaa kanga. Hakuja kukimbia. Alikuja kuhakikisha.

Pili, acha raba za mbio nyumbani. Najua wengi watakataa. Safari ya kwanza nilizibeba, nikaamka alfajiri nikimbie Kampala, na nusu saa nzima nilikuwa narukaruka kati ya boda, mitaro na mbwa. Sikupumzika na wala sikufanya mazoezi. Wiki moja bila kukimbia haikuondolei kitu cha maana. Ikiingia ya pili ndipo pumzi huanza kupungua kidogo, maana wingi wa damu mwilini nao unashuka, ila nguvu za misuli hukaa muda mrefu zaidi. Baada ya kilomita 21 misuli, kano na viungo vinakuwa vimechoka, na hivyo havipendi haraka. Beba viatu vya kutembea vilivyokwisha kuukubali mguu wako. Usinunue vipya kwa ajili ya safari, utalia.

Panga siku saba: usiku mbili Jinja, nne Kampala, siku ya mwisho ni ya barabara. Ukizidisha hapo, utakaporudi hutakuwa unaendelea, utakuwa unaanza upya kabisa.

Barabara

Mabasi ya usiku yapo na watu huyapenda kwa sababu unalala na kuamkia Kampala. Mimi nasema panda la mchana. Kwanza utaona njia: Maseno pale kwenye alama ya ikweta, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala, mpaka Busia. Pili, ukipita msitu wa Mabira usiku umelala, utakosa kuku, na habari za kuku zinakuja.

Kwa Mkenya, kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka. Nchi zetu, pamoja na Rwanda, zilikubaliana hivyo tangu 2014. Mtoto ni habari nyingine, ulizia uhamiaji mapema. Beba pia kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Kuna siku hakuna anayeiuliza, na kuna siku unaulizwa wewe peke yako kati ya abiria wote.

Busia siku hizi mambo yote humalizwa ndani ya jengo moja: unagongewa kutoka na kuingia papo hapo. Shuka na mkoba wako mdogo mwenyewe, usiuache kwenye kiti. Mkoba mkubwa ukague kama bado uko pale mtakapopanda tena. Ukipata muda, simama kidogo utazame waendesha boda. Jina lenyewe lilianzia mpakani hapa, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka kituo hiki hadi kile. Sisi wa magharibi tunastahili kulipwa kila mara neno hilo linapotamkwa duniani.

Kuhusu pesa: wakati nilipovuka mara ya mwisho, shilingi moja yetu ilinipa 27 na kitu za Uganda. Badilisha kidogo tu mpakani, ya chakula na boda, nyingine badilisha mjini dirishani. Na hesabu kabla hujaondoka, noti moja moja. Safari ya kwanza kijana mmoja alinihesabia haraka kama anachanganya karata, nami nikaona aibu kurudia mbele ya watu. Nilipofika kwenye kiti nikakuta elfu arobaini haipo. Aibu ile ilinigharimu kuku wawili.

Hiyo ndiyo hatari nyingine ya pesa zao: sufuri nyingi. Unashika noti ya elfu hamsini unajiona tajiri, unaagiza bila kuuliza bei. Gawa kwa 27 kila mara, hata kama kichwa kinauma.

Jinja

Kutoka Busia unapita Bugiri na Iganga, miwa kila upande, kisha Jinja. Shuka hapa kwanza kabla ya Kampala, kwa sababu mji umetulia, barabara zake pana zina miti, na miguu yako bado inauma. Kampala ina vilima. Jinja haina haraka.

Nenda kwenye chanzo cha Nile. Watakuonyesha mahali mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika mwaka 1862, na ukivuka mto upande wa pili kuna mnara wake. Yale maporomoko aliyoyaona hayapo tena. Bwawa la Owen Falls lilipomalizika mwaka 1954, maji yalipanda yakayafunika. Utapanda mashua, mwongozaji atakuonyesha maji yanayobubujika katikati ya mto, atakwambia maji haya hutumia miezi mitatu kufika Misri. Mdogo wangu alipiga picha. Mimi nilikaa nikifikiria kwamba maji haya huenda yalipita Dunga, ufukweni kwetu Kisumu, mbele ya wale kina mama wanaokaanga samaki, yakazunguka ziwa zima, na hapa ndipo mlango pekee wa kutokea. Unakua kando ya ziwa miaka arobaini hujui maji yake hupitia wapi kutoka.

Hapo hapo bustanini kuna sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa mtoni. Tazama, pita.

Siku ya pili tembea. Si kwa saa, wala si kwa kuhesabu hatua. Toka barabara kuu, pita majumba ya zamani ya Wahindi yenye miaka imeandikwa juu ya milango, shuka mpaka ziwani, rudi. Ukichoka kaa. Kazi ya siku hii ni kuifanya damu ipite kwenye mashavu ya miguu, basi. Siku ya tatu mimi hushuka ngazi nikitazama mbele kama binadamu wengine.

Kula, kwa mpangilio wangu

Sasa tumefika.

Kanuni yangu moja ya kula safarini ni hii: tembea kwanza, kula baadaye, na mlo mkubwa uwe wa mchana. Usiku kula kidogo. Sikatazi chakula chochote, napanga saa tu.

Anza na rolex. Siyo saa ya mkononi. Ni mayai na chapati, na jina wanasema lilitokana na Kiingereza cha mayai yaliyoviringishwa, "rolled eggs". Pale Wandegeya, Kampala, nilisimama dakika kumi nikimtazama kijana mmoja, kama ninavyotazama fundi mwenzangu. Ana jiko la makaa na juu yake bamba jeusi la chuma, pana kuliko sinia la pilau. Anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine unakata kabeji nyembamba kama uzi, na kitunguu, na nyanya. Chumvi, anapiga kwa uma mpaka povu litoke. Anamimina kwenye mafuta, yanaimba. Kabla mayai hayajakauka juu, anayabandika chapati mgongoni, anabonyeza kwa kiganja, anapindua. Halafu anaviringisha kama mimi ninavyokunja kitambaa cha wateja, anakupa. Nililipa elfu tatu. Ile nyama ya nyanya katikati bado ina maji. Kula umesimama, ikipoa si yenyewe.

Mchana ingia kibanda cha chakula na ujifunze kuagiza kama wao. Unachagua mchuzi, na bei ni ya mchuzi: nyama, kuku, maharagwe, au binyebwa, yaani mchuzi wa njugu wenye rangi ya waridi. Kinachobaki chote wanakiita "food", na kinakuja pamoja: matoke, wali, viazi vitamu, muhogo, nduma, boga, na posho. Posho ni ugali. Usicheke ukiisikia, wao pia wanashangaa sisi tunavyoupenda. Sahani inafika kama kilima cha nane cha Kampala. Mwambie mama apunguze wali na aongeze matoke, hatakasirika. Kwa mtu aliyetoka mbio, matoke na binyebwa ni dawa: laini tumboni, na njugu zinashibisha.

Luwombo uitafute siku moja, ulipe vizuri. Ni kuku au nyama au njugu na uyoga, vimefungwa ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa moto likalainika, kisha hupikwa kwa mvuke saa nyingi. Waganda wanasimulia kwamba ilianzia jikoni mwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Fungulia mezani mwenyewe, usikubali wakufungulie jikoni. Ule mvuke wa kwanza unaotoka ndio nusu ya pesa yako.

Katogo ni ya asubuhi: matoke yaliyopikwa pamoja na matumbo au maharagwe. Mukene ni omena yetu, usijisumbue. Kwa kweli samaki yeyote usimguse safari hii. Ngege wanaitwa ngege kule pia, na mtu wa Kisumu hasafiri kilomita zaidi ya mia tatu kumfuata ngege aliyemwacha Dunga. Ukienda Novemba utakuta senene sokoni Nakasero, wamekaangwa na kitunguu. Sisi tuliolelewa tukila kumbikumbi hatuna la kushangaa hapo. Ni watamu, wana mafuta zaidi.

Na kuku. Kati ya Jinja na Kampala, ukishavuka msitu wa Mabira, basi husimama Namawojjolo. Kabla halijasimama vizuri, madirisha yote yamejaa mikono: vijana waliovaa makoti yenye namba, wameshika vijiti vya nyama, mapaja ya kuku, gonja iliyochomwa, soda na maji. Soma namba ya koti kabla hujatoa pesa, kwa sababu chenji hurudi na namba. Nunua paja na gonja moja, ule pamoja, utamu wa ndizi ukikutana na chumvi ya ngozi. Mdogo wangu alisema nisile mbele ya dereva namna ile.

Sasa kosa langu. Siku ya kwanza Kampala, jua kali, nikanywa juisi ya matunda yenye barafu kwenye stendi moja, glasi mbili. Usiku sikulala. Kosa si la Uganda, ningeweza kulipata hata hapa nyumbani. Lakini siku moja na nusu ya likizo ilipita nikiwa chumbani. Kunywa maji ya chupa iliyofungwa, matunda menya mwenyewe. Ikitokea, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari visivyofurika na nusu kijiko cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu au homa, nenda hospitali, usingoje basi la kurudi.

Kampala kwa miguu

Sehemu ya kupanda weka siku ya tano, si kabla. Msikiti mkuu wa Old Kampala, ambao wengi bado wanauita wa Gaddafi kwa kuwa Libya ndiyo iliyotoa pesa za kuumaliza, una mnara wenye ngazi zaidi ya 300. Wanawake tunapewa kitambaa cha kujifunga na cha kichwa mlangoni. Kama wewe ni mshonaji kama mimi utakifunga vizuri kuliko anayekupa. Panda polepole. Huu ndio mtihani wangu wa miguu: nikifika juu magoti yakiwa kimya, najua Jumatatu nitakimbia. Yakilalamika wakati wa kushuka, naongeza siku tatu za kupumzika bila kujadiliana nayo. Mara ya mwisho yalilalamika, na nilitii. Kule juu utaona mji wote, Namirembe na kanisa lake, Rubaga na lake, na vumbi jekundu linaloziba kati yao.

Kasubi, walikozikwa Makabaka wanne, ni ya kwenda asubuhi. Jumba kubwa la nyasi liliungua Machi 2010, na ujenzi wake umechukua miaka. Mwombe mwongozaji akueleze kazi ya kuezeka, maana nyasi zile zina ukoo wake maalumu wa mafundi. Mimi nilisahau chakula kwa saa moja, jambo ambalo halikutokea tena safari ile.

Maneno matatu ya Kiganda yatakubeba mjini: "ssebo" kwa bwana, "nnyabo" kwa bibi, na "webale" kwa asante. Wengi wanaelewa Kiswahili lakini si wote wanaokipenda, kwa hiyo anza na salamu zao kwanza. Kwenye boda patana bei kabla hujakaa, na uombe kofia ya chuma.

Kurudi, na wiki tatu za kwanza

Ukifungasha, mifuko yote ya plastiki, ile wanayoiita kaveera, iache hotelini. Kwetu imepigwa marufuku tangu 2017 na hutaki kueleza hayo Busia saa tano usiku. Mimi hubeba siagi ya njugu na simsim kwenye chupa ya kioo, nimeizungushia dera.

Mizani itakuambia umeongeza kilo tatu. Usiamini zote. Mwili ukijaza akiba yake ya wanga kwenye misuli, kila gramu huvuta na maji kama gramu tatu, na chumvi ya mchuzi huvuta mengine. Nilipanda mizani Jumapili nikakuta tatu, Jumapili iliyofuata ikawa moja na kidogo, na sikuwa nimejinyima chakula. Ile moja ni ya kuku, naikubali. Usianze kufunga wala kula mboga za majani tupu. Utakosa nguvu, na Alhamisi utajikuta unaiba mandazi. Rudi kwenye chakula chako cha kawaida: uji wa wimbi, ugali wa kiasi, osuga (mnavu), omena.

Jumatatu ile uliyoiandika, kimbia dakika nne, tembea moja, mara tano. Utahisi uvivu unakutoka kama jasho la malaria, hiyo ni kawaida. Ukiweza kuongea sentensi nzima bila kukatika, mwendo ni sawa. Jumatano rudia hivyo hivyo, hata kama unajisikia simba. Pumzi hurudi haraka kuliko kano, na hapo ndipo watu huumia: moyo unasema twende, kisigino bado kiko Jinja. Ijumaa dakika thelathini bila kutembea, kuelekea Dunga kupitia njia ya Impala, kabla jua halijapanda. Kisumu ikifika saa tatu asubuhi si ya mtu anayerudi kutoka likizo.

Wiki ya pili ongeza kidogo tu, kama sehemu ya kumi ya ulichofanya ya kwanza, na mara mbili fanya kuchuchumaa na kusimama kwa vidole ngazini, kumi na mbili mara tatu. Mazoezi hayo nayafanya dukani nikisubiri pasi ipate moto. Wateja wamezoea.

Milima ni Jumamosi ya tatu. Tunakutana Mamboleo, tunapanda Riat polepole, hakuna mashindano. Nusu saa kabla yake nakula kijiko kimoja cha ile siagi ya njugu na kipande cha mkate. Chupa ikiisha, ndipo naanza kuangalia tarehe za mbio zinazofuata.